Cheo Humjibu Nani

Yapata mwaka 254 wanaume wawili, Felix na Sabinus, walivuka bahari kutoka Hispania ya Kirumi hadi Karthago, kwenye pwani ya Afrika ambayo leo ni Tunisia. Walibeba barua za Wakristo wa Legio na Asturica, kaskazini magharibi mwa Rasi ya Iberia, na za Wakristo wa Emerita, kusini magharibi mwake. Leo miji hiyo inaitwa León, Astorga na Mérida. Wenye barua walikuwa watu wachache, wasiolindwa na sheria, na lililowasumbua lilikuwa hili: maaskofu wao wawili, Basilides na Martialis, walianguka wakati wa mateso. Waumini waliwaondoa, wakawaweka wengine mahali pao. Sasa walioondolewa walitaka kurudi.

Jibu la maaskofu 37 wa Afrika, Sipriani wa Karthago akiwa kiongozi wao, limehifadhiwa hadi leo. Wanahistoria wa Kanisa hulisoma ili kujua namna maaskofu walivyochaguliwa zamani, na Roma ilikuwa na sauti kiasi gani. Mimi hulisoma kwa sababu nyingine. Naona ndani yake swali ambalo kila jamii, ya dini au isiyo ya dini, hulazimika kulijibu siku moja: cheo hupata wapi maana yake? Je, ni kwa aliyekipewa, kwa aliyekitoa, au kwa wale ambao kiliwekwa kwa ajili yao?

Tuanze na hati. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwataka wakazi wa dola yote watoe sadaka kwa miungu mbele ya wasimamizi wa serikali. Aliyetii alipewa hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimefukuliwa Misri. Wakristo waligawanyika. Wapo waliokataa wakafungwa, wakapoteza mali au maisha. Wapo waliofukiza uvumba huku wakitetemeka. Na wapo waliopata njia ya katikati: walitoa fedha, wakapokea hati, wasitoe sadaka yoyote. Basilides na Martialis walikuwa na hati za namna hiyo.

Utetezi wa mtu wa namna hii si mgumu kuusikia. Sikuabudu sanamu. Sikumkana Mungu moyoni. Nilinunua karatasi tu, na karatasi si imani. Ni utetezi wenye akili, tena wenye huruma kwa nafsi, na wengi wetu tungeutumia. Kasoro yake ni kwamba unadhani maana ya tendo inamilikiwa na mtendaji peke yake. Hati haikuandikwa ili isomwe na moyo wa Basilides. Iliandikwa ili isomwe na ofisa, na jirani, na mjane wa kusanyiko lake ambaye hakuwa na fedha ya kununulia hati. Kwa mjane huyo ilikuwa na ujumbe mmoja ulio wazi: askofu wako amepita mlango ambao wewe huwezi kuupita, naye amekuacha nje. Tunachokimaanisha ndani yetu ni sehemu ndogo ya maana ya tunachokitenda. Sehemu kubwa wanaishika wengine, hasa wale wanaotutegemea.

Habari za Martialis zinafundisha zaidi. Kwa muda mrefu alishiriki karamu za chama cha watu wasio Wakristo, akawazika wanawe katika makaburi ya chama hicho. Katika miji ya Kirumi vyama vya mazishi vilikuwa kimbilio la watu wa kawaida: mwanachama alichanga, alikula na wenzake, na siku yake ikifika hakukosa wa kumzika. Sioni ajabu kwamba baba aliyefiwa aliwapeleka watoto wake mahali alipokuwa na haki ya kaburi. Hata hivyo watu wa Emerita waliliona kaburi lile kuwa tamko. Kusanyiko changa lilikuwa likijifunza kuwa jamaa mpya, yenye meza yake na wafu wake, na kiongozi wake alikuwa na jamaa nyingine. Aliyewaita wenzake ndugu kila Jumapili alitafuta undugu wa kaburi kwingine.

Basilides naye alikiri kwamba alipougua alimtukana Mungu. Aliacha uaskofu kwa hiari, akaomba afanye toba, na akaona ni neema kubwa kama angepokewa tena japo kama muumini wa kawaida. Laiti angebaki hapo. Baadaye alisafiri hadi Roma, akamweleza Askofu Stefano mambo kwa namna iliyomfaa yeye, na Stefano akaafiki arudishwe kitini. Sipriani hakumlaumu sana Stefano. Alisema tu kwamba yuko mbali na hakuujua ukweli.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Naona katika neno hilo la umbali kiini cha barua nzima. Sipriani anashikilia kwamba askofu achaguliwe mbele ya watu, kwa kuwa watu wanaujua mwenendo wa kila mmoja. Wameishi naye, wamemwona akikasirika, wamemwona akidai deni. Hivyo ndivyo Sabinus alivyochaguliwa badala ya Basilides: kwa kauli ya ndugu wote na kwa uamuzi wa maaskofu waliokuwapo au walioandika barua juu yake. Cheo kikitoka mahali ambapo mwenye cheo hajulikani, kinabaki na mamlaka lakini kinapungukiwa maana, kwa sababu hakuna aliyekipima kwa maisha yake.

Kuna jambo lingine katika jibu lile ambalo nadhani nyakati zetu zinalihitaji kuliko jingine lolote. Maaskofu wa Afrika hawakuwafungia Basilides na Martialis mlango wa toba. Walisema waziwazi kwamba watu wa namna hiyo wanaweza kupokewa kwenye toba. Walichokataa ni kuwarudisha kwenye uongozi. Sisi huchanganya mambo haya mawili kila mara. Kiongozi akianguka na kuomba radhi, wapenzi wake hudai kwamba kumsamehe maana yake ni kumrudishia kiti. Maadui zake nao, kwa kuogopa asirudi kitini, humnyima hata msamaha. Msamaha anapewa mtu. Kiti ni cha kusanyiko, na hakuna mtu anayeweza kusamehewa akapewa kitu kisichokuwa chake tangu mwanzo. Kukubali kusamehewa bila kurudishiwa cheo ndiyo dalili kwamba toba ni ya kweli, na Basilides alikuwa ameifikia hatua hiyo kabla ya kufunga safari ya Roma.

Miaka michache baada ya barua ile, upande wa pili wa rasi, mambo yalikwenda kinyume. Januari 259, chini ya amri za Kaisari Valerianus, askari walimkamata Fructuosus, askofu wa Tarraco, mji unaoitwa leo Tarragona, pamoja na mashemasi wake Augurius na Eulogius. Simulizi la kesi yao ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Wakristo wa Hispania. Liwali Aemilianus alimuuliza kama yeye ni askofu. Fructuosus akakubali kwamba ndiye. Liwali akamjibu kwa wakati uliopita, kama mtu anayefuta jina katika daftari, akaamuru wachomwe moto wakiwa hai. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 21 Januari, nao walichomwa katika uwanja wa michezo wa mji, karibu na bahari.

Liwali aliamini kwamba cheo hukaa mwilini: ukiuteketeza mwili, umekifuta. Tazama jinsi Fructuosus alivyozitumia saa zake za mwisho. Gerezani alimbatiza mtu. Njiani watu walimletea kinywaji cha viungo kimtie nguvu, akakataa kwa kuwa ilikuwa siku ya mfungo na saa ya kufungua haijafika. Msomaji wake alilia akiomba amvue viatu, naye akavivua mwenyewe. Mmoja wa waumini, Felix mwingine, alimshika mkono akaomba amkumbuke. Akajibu kwamba inampasa kulikumbuka Kanisa zima, lililoenea toka mashariki hata magharibi. Hakufanya hata jambo moja la kishujaa kwa namna ambayo uwanja wa michezo ulizoea. Aliendelea na kazi ya kila siku ya askofu: kubatiza, kufunga, kuwaombea watu. Alikuwa askofu mpaka dakika ya mwisho kwa sababu hakuacha kuwajibika kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kumwokoa. Na simulizi linasema alipendwa hata na wasio Wakristo.

Usiku waumini walikwenda kuuzima moto kwa divai, kila mmoja akachukua sehemu ya majivu kwa ajili yake. Kisha, kwa mujibu wa simulizi, Fructuosus akawatokea na kuwaagiza wayarudishe upesi, yawekwe pamoja. Kumpenda kiongozi kunaweza kugeuka kuwa namna nyingine ya kumgawana, kila mtu na kipande chake nyumbani. Wakristo wa Tarraco walikataa tamaa hiyo. Waliyarudisha majivu yakawa ya wote. Karne tatu hivi baadaye, kanisa lilijengwa ndani ya uwanja uleule, na misingi yake bado inaonekana.

Ningependa kuishia hapa, kwa askofu mwema na watu wema, lakini tafakuri inayochagua mashahidi wake haina haki ya kuitwa tafakuri. Mwanzoni mwa karne ya 4 maaskofu 19 walikutana Iliberri, karibu na Granada ya leo, katika mtaguso unaojulikana kama Mtaguso wa Elvira. Kanuni 81 zinazobeba jina la mtaguso huo zinaonyesha kanisa ambalo limeanza kuwa na mali na watu wenye nafasi. Maaskofu, mapadri na mashemasi wanakatazwa kuacha vituo vyao ili kuzunguka mikoani wakitafuta masoko yenye faida. Wanaobatizwa wanakatazwa kutia sarafu katika chombo cha ubatizo, isije ikaonekana kwamba padri anauza alichokipokea bure. Kanuni hiyo ya sarafu imenigusa siku zote. Waliiandika watu walioelewa kwamba maana ya tendo takatifu inaweza kuharibika bila neno moja kubadilika: sala zilezile, maji yaleyale, ila sasa kuna bei.

Lakini soma kanuni ya 5. Bibi mwenye nyumba akimpiga mjakazi wake kwa hasira ya wivu hata mjakazi akafa ndani ya siku tatu, afanye toba miaka 7 kama alikusudia, miaka 5 kama hakukusudia, kisha apokewe tena kwenye komunyo. Weka kanuni hiyo kando ya kanuni ya 1: mtu mzima aliyebatizwa ambaye amekwenda hekaluni kutoa sadaka kwa sanamu asipewe komunyo hata akiwa anakufa. Mjakazi aliuawa, na muuaji akahesabiwa miaka. Aliyefukiza uvumba hakuhesabiwa miaka. Alifungiwa mlango moja kwa moja.

Sitaki kuwahukumu watu wa karne ya 4 kwa kipimo ambacho hawakuwa nacho. Katika sheria za Kirumi bwana alikuwa na uwezo mkubwa sana juu ya mwili wa mtumwa wake, na kule kuhesabu tu kifo cha mjakazi kuwa dhambi inayodai toba ya miaka kulikuwa hatua. Lakini pengo lile lina sababu. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Elvira walikaa maaskofu na mapadri, mashemasi na watu wakasimama wakisikiliza. Mjakazi hakuwa miongoni mwa wale ambao maaskofu walijiona wanawajibika kwao. Bibi wa nyumba alikuwa mtu wa kusanyiko, na huenda alikuwa mfadhili wake. Hapo kanuni ya Sipriani, kwamba watu wanaomjua mtu ndio wamhukumu, inafika mwisho wa uwezo wake. Watu wanaweza kujuana vizuri sana, wakachaguana kwa haki kabisa, na bado wote kwa pamoja wakawa wamesimama juu ya mgongo wa mtu wasiyemhesabu.

Karne hiyohiyo ikaleta jaribu jingine. Kaisari Konstantino alipowapa Wakristo uhuru, maaskofu waliozoea kuogopa upanga wakaanza kuuzoea. Hosius wa Corduba, aliyekuwa mmoja wa wale 19 wa Elvira, alikuwa mshauri wa Konstantino na mtu mashuhuri katika Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Mwanawe Konstantino, Kaisari Constantius, alipotaka maaskofu wamlaani Askofu Athanasius wa Aleksandria, Hosius alimwandikia asijiingize katika mambo ya Kanisa. Kaisari akamshikilia Sirmium, mbali na kwao. Mwaka 357, akiwa na umri wa karibu miaka 100, mzee huyo alikubali tamko ambalo maisha yake yote alikuwa amelipinga. Wengi walimlaani kwa hilo. Athanasius, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, alimtetea: mzee alilazimishwa, na kumlaani Athanasius alikataa. Nasoma utetezi huo kwa heshima kubwa. Aliyeumia anapoutazama udhaifu wa mwenzake na kukataa kuufanya kuwa jina lake lote, neno huruma linapata mwili.

Kisa cha Priscillianus ni kizito zaidi. Alikuwa mlei msomi aliyewavuta wanaume na wanawake kwa maisha ya kujinyima na kusoma maandiko faraghani. Mwaka 380 maaskofu 12 waliokutana Caesaraugusta, Zaragoza ya leo, walipitisha kanuni zilizolenga mienendo ya namna hiyo. Mwaka uliofuata rafiki zake maaskofu walimweka kuwa askofu wa Avila. Mahasimu wake, Hydatius wa Emerita na Ithacius wa Ossonoba, walipeleka shauri kwa watawala. Yeye naye alitafuta msaada kwa watawala, na mwishowe akakata rufaa kwa Kaisari Maximus huko Trier. Pande zote mbili zilikuwa zimeacha kusemezana zikawa zinasema na kiti cha enzi. Askofu Martino wa Tours alimsihi Maximus asimwage damu. Inatosha, alisema, maaskofu wakiwaondoa makanisani wale waliohukumiwa nao. Martino alipoondoka, kesi ikaendelea. Mnamo 385 Priscillianus na baadhi ya wafuasi wake waliuawa kwa kosa la uchawi.

Alikuwa na makosa ya mafundisho? Wasomi wameendelea kubishana, hasa tangu maandiko ya kundi lake yalipogunduliwa Würzburg mwaka 1885. Kwangu mimi uzito uko kwingine. Basilides na Martialis walihukumiwa na watu waliowajua, wakabaki hai, na mlango wa toba ukabaki wazi. Askofu wa Avila alihukumiwa mbali na kwao, na watu waliohitaji kumpendeza mtawala, kwa kosa la jinai, na baada ya upanga toba haina nafasi tena. Kati ya matukio hayo mawili imani ilikuwa imepata uhuru, majengo na heshima. Ilikuwa imepoteza uwezo wa kutofautiana na ndugu bila kumwangamiza. Askofu Ambrosi wa Milano na Martino walikataa ushirika na maaskofu waliodai damu ile, na Martino alipowahi kushiriki nao mara moja, ili kuokoa maisha ya watu wengine, alijutia hilo hadi kufa.

Na kuna kisiwa cha Minorca. Mwaka 418 Askofu Severus aliandika waraka akisimulia kwa furaha jinsi masalia ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza wa Kanisa, yalivyofika kisiwani, jinsi Wakristo walivyoandamana hadi mji wa Mago, jinsi sinagogi lilivyoteketea, na jinsi Wayahudi 540 walivyogeuka kuwa Wakristo ndani ya siku nane. Umati ulimjua askofu wake, ulimpenda, ulimfuata. Kila sharti la Sipriani lilikuwa limetimia. Aliyekosekana katika hesabu ni jirani aliyesali tofauti, aliyekuwa akiliangalia jengo lake likiungua.

Ndiyo maana nimefika kwenye jibu ambalo barua ya Karthago peke yake isingenipa. Cheo hakipati maana kwa sababu kimetoka juu. Roma ilimrudisha Basilides na bado haikumfanya kuwa mchungaji. Wala hakipati maana kwa sababu tu kimetoka chini; watu wa Minorca walikuwa nyuma ya Severus. Cheo kina maana pale mwenye nacho anapojibu mbele ya yule asiyeweza kumlazimisha ajibu. Mtawala anaweza kukulazimisha. Mfadhili anaweza. Umati unaweza, tena sana. Mjakazi wa Elvira hakuweza, wala Myahudi wa Mago. Kuwajibika kwa mwenye nguvu ni hesabu ya faida na hasara, hata tukiiita utii. Kuwajibika kwa asiye na nguvu ni hiari tupu, na hapo tu ndipo tunapoweza kujua cheo kimebeba nini ndani yake.

Je, yupo aliyewahi kuishi hivyo? Narudi Emerita, miaka zaidi ya 300 baada ya Martialis. Dola ya Kirumi ya magharibi imekwisha, Wavisigothi wanatawala, na askofu ni Masona, yeye mwenyewe Mgothi. Kitabu cha karne ya 7 kinachosimulia maisha ya mababa wa mji huo kinasema alijenga hospitali kwa ajili ya wasafiri na wagonjwa, akaipa mali ya kujiendesha, akawaagiza matabibu wazunguke mji mzima bila kupumzika na kumbeba kila mgonjwa watakayemkuta, awe mtumwa au huru, Mkristo au Myahudi. Aliagiza nusu ya vitu vyote vilivyoletwa katika nyumba ya askofu iende kwa wagonjwa hao. Aliweka pia sarafu 2,000 za dhahabu katika kanisa la Mtakatifu Eulalia, ili mtu yeyote mwenye shida ya ghafla aandike hati ya deni na kupewa mkopo bila usumbufu.

Mtumwa au huru, Mkristo au Myahudi: hao ndio hasa walioachwa nje ya hesabu ya Elvira na ya Minorca. Sisemi kwamba Masona alijua anasahihisha makosa ya wazee wake. Wala sisahau kwamba kanisa lake lilikuwa tajiri kuliko mengine yote ya Hispania, kwa urithi wa kabaila mmoja aliyemwachia Askofu Paulo, aliyemtangulia Masona, mashamba yake baada ya Paulo, aliyekuwa tabibu, kuokoa maisha ya mke wa kabaila huyo. Mali ya namna hiyo ilikuwa na watumwa ndani yake. Lakini mali ile, ambayo ingeweza kumfunga kwa wenye mali wenzake, aliielekeza kwa watu ambao hawangeweza kumlipa chochote. Na Mfalme Leovigild, aliyefuata mafundisho ya Ario yaliyokataliwa huko Nisea, alipomtisha na kumwita Toledo, Masona hakusalimu amri. Alipelekwa uhamishoni kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Naona mambo haya mawili ni jambo moja. Aliyezoea kujibu mbele ya mgonjwa aliyeokotwa barabarani hatishwi kirahisi na mfalme, kwa maana tayari amechagua nani ana haki ya kumuuliza maswali.

Mtaguso wa 4 wa Toledo wa mwaka 633, ulioongozwa na Isidori wa Sevilia, unaonyesha kwamba somo hili halijifunzwi mara moja likabaki. Mtaguso huo uliwaagiza maaskofu wawatetee maskini: wakiona mahakimu na wakubwa wanawaonea, wawakaripie kwanza, na wasiposikia, wawashitaki kwa mfalme. Mtaguso huohuo ulikataza kuwalazimisha Wayahudi kubatizwa siku zijazo, halafu ukaamuru waliokwisha kulazimishwa wabaki Wakristo. Watu walewale, katika kikao kilekile, walimwona maskini vizuri na kumwona Myahudi nusu. Hakuna kizazi kinachowaona wote. Kila kizazi huwa na mtu ambaye hesabu zake nzuri hazimfikii.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kila tunayempa kiti, awe askofu, sheikh, mwenyekiti wa kijiji au mbunge, si kama anatupenda sisi tuliomchagua. Tuliomchagua tuna kura zetu, michango yetu na sauti zetu, atatupenda tu. Tumuulize anamjibu nani miongoni mwa wale wasiokuwa na chochote cha kumtishia wala cha kumpa. Nasi tusijitoe katika swali hilo, maana katika kila kusanyiko lenye umoja yupo mtu anayelipia umoja huo bila kuulizwa. Mtu huyo hawezi kutulazimisha tumtafute. Kama tutamtafuta, itakuwa kwa hiari yetu, na hapo imani yetu itakuwa na maana ambayo hakuna hati inayoweza kuithibitisha na hakuna liwali anayeweza kuifuta.